Mpishi na Mchanga wa Wageni

Njombe nzima tulimwita Mpishi, na aliyejaribu kumwita vinginevyo alijutia. Memsahibu mmoja, mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliyehamishiwa kwetu kutoka wilaya nyingine, alisimama mlangoni mwa jiko siku yake ya pili akaita, "Boi!" Mpishi akaendelea kukoroga mchuzi. Memsahibu akaita tena. Mpishi akaonja, akaongeza chumvi. Mwishowe yule mama akamsogelea mpaka begani, akamuuliza kama ni kiziwi.

"Hapana, Memsahibu," alijibu bila kugeuka. "Nilikuwa nasubiri huyo boi aitike. Wavulana wangu wako shuleni."

Haya alitusimulia dobi, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili na akaacha shati liungue kwa kusikiliza. Tangu hapo Memsahibu akasema Mpishi, boma zima likasema Mpishi, na hata mchungaji wetu, akimpa mkono mlangoni mwa kanisa, alisema, "Habari ya nyumbani, Mpishi?"

Mimi nilimjua kwa sababu ya ukuta. Mume wangu alikuwa dresa katika hospitali ya boma, tukapewa kota iliyopakana na ya Mpishi na mkewe Rahabu, na kilichotutenganisha kilikuwa mabanzi tu yaliyopigiliwa misumari. Mtu akikohoa kwao, sisi tunasema pole. Miaka yote tuliyokaa pale niliyajua maisha yao kama yangu, na Rahabu aliyajua yangu, na hatukuona haya.

Mtu angefikiri kwamba anayepika mchana kutwa hurudi nyumbani kupikiwa. Mpishi hakumruhusu Rahabu kugusa sufuria. Alirudi kutoka kwa Wazungu, akavua lile koti lake jeupe, akasonga ugali wa ulezi, akaunga majani ya maboga kwa karanga, kisha akala ameketi wima, kitambaa cheupe mapajani. Chakula cha kizungu hakukila kamwe. Alikipika vizuri mpaka wageni wa kutoka Iringa wakamtaka awahamie, lakini mwenyewe alikiita chakula cha watu waliong'olewa meno.

Siku hizo ilikuwa desturi yenye nguvu ya amri kwamba Bwana Shauri akipita, mwanamume avue kofia. Wengi walivua. Wengine walijificha kwenye miti ya miwati mpaka apite. Mpishi aliacha kuvaa kofia kabisa. Juni yetu inajulikana, nyasi zinaamka zimeganda, maji ya ndoo yana ngozi ya barafu, na yeye unamwona anapita kichwa wazi, masikio yamekakamaa. Rahabu alimfumia kofia ya sufu, nzuri, ya kufunika hadi shingo. Akaikunja, akaiweka sandukuni.

"Utakufa kwa kiburi," Rahabu alimwambia.

"Kofia nisiyoweza kuivaa mbele ya mtu," akasema, "siivai nyuma yake."

Kanisani nako hawakumweza. Wazee wa kanisa walimwita kwa ajili ya ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi ambayo ni tamu ikiwa mbichi na kali ikilala. Walimtaka aungame kwamba ameacha. Akawaambia hajaacha, anakunywa kikombe Jumamosi, na kwamba kusema uongo mbele ya madhabahu ni dhambi kubwa kuliko kikombe. Wakamtenga na meza ya Bwana. Waliotengwa walikaa nyuma, karibu na mlango, vichwa chini. Jumapili iliyofuata Mpishi alikaa benchi la mbele kabisa, akaimba besi mpaka madirisha yakatikisika. Baada ya ibada mzee mmoja akamfuata.

"Mtu aliyetengwa hukaa nyuma."

"Mmenitenga na meza," Mpishi akamjibu. "Hamkunitenga na benchi."

Usidhani kwamba alikuwa mtu wa kuchukia Wazungu. Jioni moja dobi alianza kuigiza mwendo wa Bwana Shauri, tumbo mbele, mikono nyuma, sote tunacheka. Mpishi alimtoa nje kwa kumshika kola. "Huyo ni Bwana wangu," alisema. "Akisemwa, nitamsema mimi." Wala usidhani kwamba mtu asiyependa kuamriwa hapendi kuamrisha. Watoto wake walisimama mstari kabla ya kula, wakaonyesha kucha. Rahabu aliniambia mara nyingi, tukichuma mboga, "Wewe Bwana Shauri wako yuko bomani, shemeji. Wangu ninalala naye." Tuliitana shemeji kwa mzaha, kisha mzaha ukawa desturi, na Mpishi naye akaniita hivyo.

Jambo moja tu lilimtisha, nalo ni maji. Kwenye daraja la miti la mto Ruhuji alivua viatu, akavishika mkononi, akavuka akitazama mbele huku midomo inacheza. Watoto walimwona na hawakuthubutu kucheka.

Sasa, kila mwaka mvua zilipoisha, Bwana Shauri na wageni wake waliteremka Ziwa Nyasa kupumzika, na Mpishi aliteremka nao kuwapikia. Asubuhi moja ya safari hiyo ilikuwa ya kisiwani. Waliingia mashua ya boma, wakaenda kwenye kisiwa kidogo chenye ufuko wa mchanga mweupe, wakaogelea, wakala, wakazungushwa upande wa pili kutazama mapango ambayo maji ya ziwa yanaingia ndani yake, wakarudi kabla upepo wa mchana haujaamsha mawimbi. Safari ya nusu siku tu. Mpishi alivumilia ile mashua kwa kufumba macho. Lakini akishatandika meza na kupakua, aliambiwa aende na wapiga makasia nyuma ya mawe, wakae huko mpaka waitwe.

"Kisiwa kile nimekiona mgongo," alituambia. "Kama mtu aliyealikwa harusini akakalishwa nyuma ya nyumba."

Tulikuwa tumekaa nje tukimenya viazi, na Rahabu akasema, bila kuinua macho, "Mama yangu alizaliwa ndani ya lile pango."

Mpishi alikuwa amemwoa miaka mingi na hakuwahi kulisikia neno hilo. Rahabu akatueleza. Bibi yake alikuwa Mkisi wa pale ziwani. Wavamizi waliposhuka milimani, wanawake walikimbilia majini kwa mitumbwi, wakaingia pangoni, na yule bibi alikuwa na mimba kubwa. Akajifungulia humo, juu ya mwamba, wenzake wakimziba mdomo, na mtoto alipotoka wakamsukumia titi kabla hajalia. Mtoto huyo alikua, akaolewa na Mbena aliyeshuka kununua vyungu, akapandishwa huku kwenye baridi, akamzaa Rahabu, akafa bila kuliona tena ziwa. Rahabu mwenyewe hakuwahi kulifikia.

Mpishi akaendelea kumenya viazi. Lakini mwaka uliofuata, walipokuwa kule kambini ziwani, alimwomba Bwana Shauri ruhusa ya kumleta mkewe aone pango. Bwana Shauri alicheka. Akamwambia kwamba kisiwa kile ni cha wageni kupumzika, akimruhusu mmoja watakuja wote na nyavu zao, na jumbe, mkubwa wa kijiji cha pale, amekwisha kuambiwa asiruhusu mtu kutia nanga bila kibali cha boma. Halafu akasema, "Mapango yale hayana kitu cha kumfaa mke wako, Mpishi."

"Angekasirika ningemwelewa," Mpishi alisema kupitia mabanzi, akimwambia Rahabu, nasi tukisikia. "Alicheka kwa upole. Mahali alipozaliwa mama mkwe wangu, mtu ananicheka kwa upole."

Mwaka mwingine uliofuata akaomba likizo kabla ya safari ya Wazungu. Rahabu akaniomba niwasindikize, kwa kuwa hakutaka kuwa mwanamke peke yake. Mume wangu aliniuliza kama ninataka afukuzwe kazi. Nikamwambia ninakwenda kuangalia maji. Akanitazama, akasema, "Basi yaangalie vizuri."

Tulipanda lori la mfanyabiashara mpaka lilipoishia, upande wa Ludewa, tukateremka kwa miguu milima ile mikali, kila kona hewa ikizidi kuwa moto, mpaka mimi na Rahabu tukavua sweta na kuzifunga viunoni. Ziwa lilipotokea Rahabu alikaa chini njiani. Hakulia. Alisema tu kwamba miguu imechoka, tukamwachia.

Kule chini alikuwako mjomba wake, mzee mwembamba aliyesafirisha vyungu vya wake zake kwa mtumbwi kwenda masoko ya kando ya ziwa. Alikuwa hajawahi kumwona Rahabu, lakini alimtazama uso, akataja jina la mama yake. Kukicha akaushusha mtumbwi majini. Ndipo jumbe akaja, anatembea haraka, shuka begani.

"Kamwene," Mpishi akamwamkia.

"Kamwene. Mnakwenda wapi?"

"Kisiwani."

"Mna kibali cha boma?"

"Jumbe, wewe ulizaliwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Uliomba kibali?"

Jumbe hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, nilimwona usoni kwamba hakulala vizuri. "Wewe utarudi kwenu kwenye baridi," alisema. "Mimi nitabaki hapa. Wakija wataniuliza mimi."

Mpishi aliona neno hilo ni kweli. Kisha akasema, "Waambie ulinizuia, nikakataa. Mtaje mpishi wa Bwana Shauri wa Njombe."

"Ndivyo nitakavyosema."

"Sema hivyo hivyo, usipunguze."

Jumbe akageuka, akasimama akiitazama milima, na alibaki ameitazama mpaka tukawa mbali.

Mpishi alikaa katikati ya mtumbwi, ameshika kingo zote mbili, amefumba macho, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mjomba akapiga kafi. "Mkwe," akamwambia, "ukibana hivyo utaupasua." Hakuachia.

Tulianza na pango. Mlango wake ni wa chini, tuliinama mpaka vipaji vya uso vikagusa magoti, halafu ghafla juu yetu pakafunguka. Maji yalikuwa ya kijani na mwanga ulitoka chini yake, ukacheza kwenye mawe. Palinuka popo. Kwa ndani kabisa kulikuwa na mwamba mkavu, mpana kama kitanda. Mjomba akausogeza mtumbwi, Rahabu akapanda. Akauinamia ule mwamba, akaupapasa kwa viganja vyote viwili, na akaongea na mama yake kwa lugha ya mama yake. Maneno mengine niliyapata, mengine hayakunihusu.

Nilipogeuka nikamwona Mpishi amesimama. Ndani ya mtumbwi, juu ya maji, miguu inatetemeka mpaka mtumbwi wote unatetemeka, amesimama, mikono imekunjwa mbele na kichwa kimeinama. Mjomba akamnong'oneza akae tusije tukapinduka.

"Siwezi kukaa mbele ya mkwe," akasema.

Alisimama mpaka Rahabu alipomaliza.

Kutoka pale tukazunguka mpaka ufukoni. Mchanga ulikuwa mweupe kama alivyosema, na wa baridi bado. Mpishi akafungua kikapu. Alikuwa amebeba kutoka Njombe, mgongoni, kitambaa cha meza, sahani, vikombe, birika, mkate aliouoka mwenyewe. Kuku alimchoma alfajiri ile kwa mjomba. Akatandaza kitambaa, akatukalisha mimi, Rahabu na mjomba, akatuhudumia kwa upande wa kushoto kama bomani, mkono mmoja nyuma. Mjomba hakujua afanye nini na kitambaa cha mapajani, akakifunga kichwani. Tulicheka sana. Alipokwisha kutupakulia, Mpishi akakaa chini pamoja nasi, akanyoosha miguu mchangani, akachukua paja la kuku.

Tulikuwa bado tunakula tulipoisikia mashua ya boma.

Tulijua baadaye kwamba wageni wa Bwana Shauri walifika mapema kuliko walivyotazamiwa, safari ikasogezwa. Wakati ule niliona tu kofia za Wazungu zinakuja, Bwana Shauri, Memsahibu na wageni wawili, na nyuma yao dobi amepakata kikapu, amefanywa mpishi wa dharura. Nilinyanyuka nikimbilie nyuma ya mawe. Rahabu naye.

"Kaeni," Mpishi akasema. "Chai bado."

Bwana Shauri aliruka majini na viatu, akaja.

"Mpishi."

"Bwana."

"Nani amekuruhusu kuja hapa?"

"Mama mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa, Bwana. Alizaliwa pale." Akaonyesha upande wa mapango kwa mfupa wa kuku, maana ndio uliokuwa mkononi.

Mgeni mmoja akauliza kwa Kiingereza mtu huyu anasema nini, akatafsiriwa, akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Bwana Shauri akawa mwekundu mpaka shingoni. Alitutazama, akatazama sahani, akawatazama wageni wake, na niliona akitafuta njia ya kutoka mahali pale bila aibu. Akaipata.

"Haya," alisema, sauti imeshuka. "Yamekwisha. Kwa kuwa upo, washa moto. Dobi hajui kupika hata yai. Hawa wengine wasubiri nyuma ya mawe, halafu mtarudi zenu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na kila mtu pale aliuona. Kusimama tu. Dobi, nyuma ya Bwana, alikuwa anamtikisia Mpishi kichwa kwa kumsihi. Nilifikiria wale watoto wake wenye kucha safi, na kota, na mabanzi yetu. Nilimtazama Rahabu. Alikuwa ameweka mikono mapajani na uso wake haukusema neno, si simama, si kaa.

Mpishi akafuta midomo kwa kitambaa.

"Bwana, niko likizoni," alisema. "Na leo nina wageni wangu."

"Fikiri, Mpishi."

"Nimefikiri tangu mwaka jana, Bwana."

Akachukua birika, akanijazia kikombe. Sikuwa nimeomba. Nilikinywa chote.

Wakaenda mwisho wa pili wa ufuko. Sisi tukamaliza chai, tukala mkate wote, Mpishi akakung'uta kitambaa na kukikunja kwenye mikunjo yake ile ile, wala hakuharakisha kitu. Tulipokuwa tumekwisha kwenda mbali majini ndipo nilipoona shati lake limelowa mgongo mzima.

"Shemeji," akaniambia, macho yamefumbwa, "unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi mwombe Mungu, maana hapa sina magoti."

Alifukuzwa kazi siku aliyorudi kazini. Walisema ni utovu wa adabu. Kota ikatakiwa. Rahabu hakumsemesha hata neno kwa wiki nzima, nami nilijua kwa sababu nilikuwa nikisikia ule ukimya. Halafu siku ya kufunga mizigo nikamsikia anasema, "Umenipeleka kwa mama yangu, umenirudisha sina nyumba."

"Ndiyo," Mpishi akajibu.

"Ungesimama, ningekudharau. Umekaa, tunalala nje. Ulitaka nifurahie lipi?"

Rahabu akajitwisha mzigo uliokuwa mkubwa kuliko yote, akatoka wa kwanza.

Jumbe aliitwa boma, akasema kama alivyoagizwa, hakupunguza, wakamwacha na cheo chake cha ujumbe. Miezi mingi baadaye mjomba alitutumia chungu kwa lori, na salamu kwamba watu wameanza kutia nanga kisiwani asubuhi, mmoja mmoja, wanaanika nyavu, na jumbe kila mara huwa anaitazama milima. Nilimpelekea Mpishi habari hizo Makambako. Alisikiliza, akatoka nje, akapasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika.

Makambako ndiko walikohamia, maana hakuna Mzungu wa Njombe aliyethubutu kumwajiri. Palikuwa na maduka machache, vumbi, na upepo usiopumzika, lakini barabara zinakutana pale na malori yote yanasimama. Akajenga hoteli ya matope, meza moja ndefu na mabenchi mawili. Madereva walimpenda na walimwogopa. Alimfukuza mtu kwa kuingia na mikono michafu, kisha akamfuata mpaka nje na maji ya kunawa.

Nilimwona mara ya mwisho miezi michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nakwenda Iringa, lori likasimama, nikaingia kula. Rahabu alikuwa amekaa karibu na moto, miguu imevimba, akanishika mikono asiiachie. Mpishi alikuwa amezeeka ghafla, mgongo umeinama, lakini kitambaa cheupe kilikuwa begani. Mezani alikuwako utingo mmoja wa lori mwenye ndevu, shati lote oili, anangoja chakula. Mara akaingia kijana wetu mmoja, msomi, tai shingoni, kalamu mfukoni, mmoja wa wale walioanza kupewa ofisi za wilaya. Akatazama benchi, akamtazama utingo.

"Mzee, huna chumba cha pembeni?"

"Sina."

"Niwekee basi meza yangu pale dirishani."

"Meza ni hiyo. Karibu."

Yule kijana akatabasamu, kwa upole kabisa. "Mzee, nadhani hujanielewa. Sisi sasa ndio serikali."

"Nimekuelewa," Mpishi akasema. "Karibu, serikali. Huyo bwana atasogea."

Utingo akasogea, akafuta benchi kwa mkono wa shati, akalichafua zaidi. Nje upepo ulikuwa unapiga mabati. Kijana alisimama kwa muda mrefu, nami nikaacha kutafuna. Kisha akakaa, amebana viwiko. Mpishi akaleta sahani, akamtanguliza utingo, kwa kuwa ndiye aliyefika kwanza.

Lori likapiga honi. Mpishi akanisindikiza mpaka nje, akanibebea mkoba. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mpishi, huogopi? Hao ndio watakaotutawala."

"Ndiyo maana nawazoesha mapema," akasema. Akanisukuma mgongoni nipande, akarudi ndani kwa wateja wake.